Neno Alilorudi Nalo Mathayo Kutoka Bomani

Benchi la Utemini, mjini Singida, lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, pale njia ya sokoni inapokutana na njia ya kupandia Bomani. Lilifikaje pale kutoka kwenye reli ya Serikali, hilo ulikuwa huulizi mbele ya Laurenti, ambaye watu walimwita Bwana Reli kwa sababu aliwahi kufanya kazi stesheni ya Manyoni na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha. Yeye alikaa mwisho wa kulia. Katikati alikaa mzee Yeremia, jina la kijiweni Sekenke, kwa kuwa ujana wake aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu ya huko na mguu mmoja haukurudi mzima. Wa tatu alikuwa Bonaventura, yaani Katekisimu, aliyesomea upadre akarudishwa nyumbani kwa sababu ambazo kila mwaka zilibadilika. Mbele yao alikaa Stumai kwenye kigoda, dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, akimimina na kutoa hukumu. Ilikuwa miaka ile ya vita ya pili ya Wazungu. Sukari yote ilikuwa imekwenda kwa askari, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu, na watu wa benchi lile walikuwa na hasira ya kutosha kuisindikiza.

Alasiri hiyo Mathayo aliteremka kutoka Bomani akitembea upesi huku midomo inacheza. Alikuwa amepewa na Mzungu wa wilaya neno moja la Kiingereza na alilirudia njia nzima asije akalipoteza.

— Shikamoo mzee Yeremia. Hamjambo wengine.

— Marahaba, Kimya. Kaa. Mbona sura hivyo, umetoka kuzika?

— Nimetoka kwa Bwana Shauri.

— Ni kulekule, alisema Stumai, akamsogezea kikombe.

— Wamesemaje? Laurenti aliuliza, haraka kidogo kuliko mtu asiyehusika.

— Wamesema hesabu ni fiksidi.

Wote watatu wakanyanyua vichwa.

— Neno hilo nalijua, alisema Laurenti.

— Hata mimi nalijua, alisema Bonaventura. Nimelisoma.

— Mimi ndilo lililonivunja mguu, alisema mzee Yeremia.

Mathayo alishika kikombe asinywe. Waliomwita Kimya hawakukosea. Alikuwa mtu wa kusikia mengi na kusema machache, na tabia hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye balaa alilokuwa nalo. Ng'ombe wa kwake hakuwa naye hata mmoja. Wa baba yake walikwisha kwa ugonjwa wa sotoka, na tangu hapo shamba lake la uwele ng'ambo ya ziwa Kindai lilikuwa halijui samadi, watoto hawajui maziwa. Basi ilipovuma habari kwamba Serikali inataka nyama ya askari, na kwamba karani wa mifugo atapita kila nyumba akihesabu, na kila zizi litatoa ng'ombe kwa lazima, watu walianza kufikiri. Wakafikiri vizuri sana. Walimkumbuka Mathayo. Nani atahangaika kwenda kuhesabu kwa mtu asiye na kitu?

Kuwekesha ng'ombe kwa mwenzio ni desturi ya kwetu tangu zamani. Unampa mtu akutunzie, yeye anakamua na kuchukua samadi, na mnyama anabaki wako. Na mtunzaji mwenye heshima hamtaji mwenye ng'ombe kwa mtu yeyote, hata kwa mke wake. Laurenti alikuja kwa Mathayo na maksai wake mwekundu. Siku nyingine Bonaventura alileta dume alilomtengea mwanawe kwa mahari. Mzee Yeremia alikuja akichechemea na ng'ombe wake mkongwe aliyechechemea naye. Hata Stumai, aliyedunduliza vijisenti vya kahawa miaka mingi, alileta mtamba wake mwenye mimba. Kila mmoja alikuja peke yake, akanong'ona peke yake, akaondoka akijiona mjanja kuliko wengine wote. Mathayo aliwapokea wote na moyo wake ukafurahi, kwa sababu hakuwa amewahi kuaminiwa namna ile na watu wazima.

Kumbe karani wa mifugo naye ana kiu kama watu. Alipita kwa Mathayo kuomba maji ya kunywa tu, na kabla hajajibiwa na mtu akajibiwa na ng'ombe.

— Eleza taratibu, alisema Bonaventura. Umepanda kule, ukasema nini?

— Nimesema wale ng'ombe wanne waliohesabiwa kwangu si wangu.

Stumai aliacha kumimina, dele likiwa hewani.

— Ukasema hivyo, alisema Laurenti polepole.

— Nikasema hivyo. Bwana Shauri akauliza kwa mkalimani, kama si wako ni wa nani?

— Na wewe? Mzee Yeremia aliuliza.

— Nikanyamaza.

Pumzi ziliwatoka wote kwa pamoja, na kila mmoja akajifanya amekohoa. Mathayo aliwaona. Alitaka kucheka ila moyo haukuwa na nafasi.

— Ndipo akasema, kama hawana mwenyewe ni wako, na kesho utaleta wawili mnadani. Nikamwomba anipe siku. Akapiga meza akasema fiksidi. Mkalimani hakulitafsiri. Nilipomuuliza nje, akaniambia ni hilo hilo, fiksidi, niende zangu.

— Dhuluma! alifoka Bonaventura.

— Dhuluma tupu! alisema Laurenti, na sasa sauti yake ilirudi yote. Mtu hata neno lenyewe hajaambiwa maana yake! Anahukumiwa kwa neno lisilofunguliwa!

— Ndiyo nimekuja, alisema Mathayo. Nyinyi mmekaa na Wazungu. Niambieni. Kitu kikiwa fiksidi, kinaweza kusogea au hakisogei?

Hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa sababu benchi lile ukiliuliza swali moja linakupa majibu ya watu wote waliowahi kulikalia.

— Sikiliza, Laurenti alianza, mkono mmoja hewani kama anasimamisha treni. Pale Manyoni, ukutani, saa za treni zimebandikwa. Stesheni masta mwenyewe aliniambia, Laurenti, hizi ni fiksidi. Maana yake hazibadiliki. Abiria akichelewa kidogo tu, treni imekwenda, alie asilie. Lakini treni yenyewe! Treni inachelewa mpaka kesho yake, watu wanalala juu ya mizigo, watoto wanalia, na zile saa pale ukutani bado ni fiksidi! Nikamuuliza bwana, mbona? Unajua alinijibu nini?

— Alikuambia ukafagie, alisema Stumai. Tumesikia mara nyingi.

— Aliniambia nikafagie! Kwa hiyo, Kimya, elewa. Neno lile linambana abiria. Mwenye treni halimhusu.

— Hilo si neno, huo ni uonevu, alisema mzee Yeremia.

— Hata dukani lipo, alidakia Stumai. Nenda kaulize kanga. Mwenye duka anakuambia bei fiksidi, mama, fiksidi. Haya, mwambie asante, geuka, anza kuondoka. Ukifika mlangoni bei imeshuka. Ukifika barabarani anakuita dada. Kwa hiyo mimi nasema fiksidi inasogea. Dawa yake ni kuondoka. Mathayo, ungegeuka ukaondoka.

— Niligeuka nikaondoka.

— Akakuita?

— Askari ndiye aliyeniita. Niliacha kofia yangu.

Bonaventura alikuwa amesubiri zamu yake macho yamefumbwa, kama alivyofundishwa kule alikofukuzwa.

— Nyote mnapapasa, alisema. Neno hili ni la kanisani kwanza. Zipo sikukuu za aina mbili. Noeli ni fiksidi. Ije mvua, lije jua, tarehe ni ileile. Lakini Pasaka haiko hivyo. Mwaka huu iko hapa, mwaka ujao kule. Pasaka inahama, na bado ni sikukuu kubwa, tena kubwa kuliko Noeli. Kwa hiyo Mathayo hakutakiwa kuomba apewe siku. Alitakiwa kuuliza, bwana, hesabu hii ni ya namna ya Noeli au ya namna ya Pasaka?

— Sisi Idi yetu tunangoja mwezi uonekane, alisema Stumai. Hakuna wa kupiga meza.

— Na Mzungu angemjibu nini? Laurenti aliuliza kwa dharau.

— Angeshituka. Angejua anaongea na mtu.

Mathayo alijaribu kujiona amesimama mbele ya meza ile akiuliza habari za Pasaka. Aliona pia kiboko kilichotundikwa ukutani nyuma ya kiti cha Bwana Shauri, akaliacha wazo hilo lipite.

— Mzee Yeremia, alisema, wewe umesema lilikuvunja mguu.

Mzee alipangusa midomo. Hii habari hakuwa akiisimulia ovyo, na alipoanza, hata Laurenti alishusha mkono.

— Tulikuwa na ngazi ya kushukia shimoni. Kipandio cha nne kimelegea. Tukamwambia nyapara, nyapara akamwambia bwana, bwana akaja na nyundo, akagonga mara moja, akasema fiksidi. Tukauliza ndiyo nini? Nyapara akasema ndiyo kusema kimetengenezwa, shukeni. Nikashuka. Mimi wa kwanza, kwa kuwa niliamini. Nimelala Sekenke msimu mzima na mguu wangu umefungwa vijiti, na kila bwana yule alipopita aliniuliza hujambo, nami namjibu sijambo bwana. Sijambo! Mpaka leo najilaumu kwa lile jibu.

Moshi wa jiko uliwapitia usoni.

— Sasa basi, mzee aliendelea, na jicho lake likaanza kung'aa, kama fiksidi ni kutengeneza, huenda Bwana Shauri alikuambia hesabu yako imetengenezwa. Imepona! Hudaiwi kitu! Na wewe ukaondoka umenuna bila hata kushukuru!

— Alipiga meza, mzee.

— Na yule wa kwetu aligonga ngazi. Ndivyo wanavyotengeneza.

— Hapana, hapana, hapana! Laurenti alisimama kabisa. Mnajua neno hili limetoka wapi? Nitawaambia, na msimwambie mtu. Kwao ni kisiwa. Maji huku, maji huku. Zamani kisiwa kile kilikuwa kinaelea, leo kiko hapa, kesho kiko kule, mtu akienda kuvua akirudi hapakuti nyumbani. Wazee wao wakakutana. Wakakipigilia misumari chini, misumari mirefu kama reli. Walipomaliza wakapiga kelele nchi nzima, fiksidi! Tangu siku hiyo wana hofu ya kila kinachosogea. Wakiona mpaka, wanapigilia. Wakiona bei, wanapigilia. Sasa wamefika Singida wamekuta ng'ombe anatoka zizi la huyu anakwenda zizi la yule, roho zimewaruka!

— Nani ameona misumari hiyo? aliuliza Stumai.

— Fundi mmoja wa stesheni.

— Aliyekuambia ukafagie?

Walicheka, hata Mathayo akacheka kidogo, na kahawa ikazunguka tena. Lakini jua lilikuwa linakwenda zake nyuma ya mawe makubwa ya upande wa pili wa ziwa, na kesho ilikuwa haijasogea. Akakumbusha kwa upole.

— Nipeleke wepi?

Loo, kumbe swali hilo nalo walikuwa na majibu yake!

— Mimi siwajui ng'ombe wenyewe, alisema Laurenti, ila kama wapo wekundu, wekundu usipeleke. Askari vitani wakila nyama ya ng'ombe mwekundu wanakuwa wakali. Vita haitaisha.

— Peleka aliyezeeka, alisema Bonaventura. Au mwenye kilema. Wapewe wanachostahili.

— Mwenye kilema? Mzee Yeremia alimgeukia kwa hasira ya kweli. Umtukane mfalme mzima kwa ng'ombe mwenye kilema? Mathayo afungwe? Peleka dume. Dume ni nyama.

— Dume ni mbegu! Dume ni nyumba ya mtu, ni harusi ya mtu!

— Harusi ya nani? Umejuaje?

— Nasema kwa ujumla.

— Jamani, alisema Stumai huku akifuta kikombe kilichokwisha kufutwa, msije mkagusa mwenye mimba. Kama yupo. Mimi simjui. Nasema tu, ni dhambi kwenye dini zote.

Mathayo aliwasikiliza huku kichwa ameinamisha. Wekundu asipeleke, kilema asipeleke, dume asipeleke, mwenye mimba asipeleke. Walikuwa wanne, na wote wanne walikuwa wamekwisha kutetewa. Aliyebaki bila wa kumtetea ni yeye. Akimpeleka wa Laurenti, Laurenti hatamsalimu tena mpaka kaburini. Akimpeleka wa Stumai, ameunguza akiba ya vikombe vya miaka yote ile. Na wengine wangesikia kwamba kwa Mathayo ng'ombe hupotea, na asingepewa tena hata mbuzi wa kumtunza. Shamba lingerudia kuota majani ya kutia huruma, na watoto wangerudia uji mtupu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hasira yake ilianza kumwacha Bwana Shauri na kutafuta mahali pa karibu zaidi.

— Nasema hivi! Bonaventura alipiga goti lake. Tusikubali! Kesho tupande Bomani sote. Tumwambie uso kwa uso, bwana, hii fiksidi yako hatuitaki!

— Naam! alisema Laurenti. Mathayo aseme, sisi tutasimama nyuma yake.

— Nyuma umbali gani? aliuliza Stumai.

— Nyuma ya kuonekana.

— Watatutambua, mzee Yeremia alisema kwa sauti ndogo. Mimi na mguu huu natambulika mbali.

— Basi tusimame pale kwenye kona.

— Kona ipi?

— Hii hapa.

Kabla hawajapatana wasimame umbali gani kutoka mahali walipokaa, akaja mwanamke kwa njia ya ziwani, kitenge kimefungwa kwa nguvu, vumbi hadi magotini. Ni Martina, mke wa Mathayo. Benchini hakuwa amefika hata siku moja, na watu wa pale walimjua kwa mbali tu, kama mtu wanayemkuta amesimama mlangoni wakati wa kuleta ng'ombe na wanayemngoja aingie ndani ndipo wanong'one.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, marahaba.

— Baba Leah, alimwambia mumewe, tarishi amefika nyumbani. Anasema kabla ya jua kutoka wawili wawe wamefungwa nje, watachukuliwa na askari kupelekwa mnadani. Nimemwambia sijui ni wepi. Akacheka, akasema mwulize mwenyewe.

— Nimesikia.

— Sasa mimi niulize. Miezi yote hii nakamua, nachota maji, naamka nao, na sijauliza kwa kuwa ulisema haiulizwi. Leo imebidi.

Akawageukia wale wa benchini, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

— Wazee wangu, nyinyi mnakaa naye kila siku. Wale ng'ombe ni wa nani?

Mathayo alinyanyua kichwa. Hakumzuia mkewe. Alimtazama Laurenti, na Laurenti akaanza kulikagua taruma kama anaiona leo. Alimtazama Bonaventura, macho yamefumbwa tena, midomo inasali au inajifanya. Mzee Yeremia alikuwa anausugua mguu wake. Stumai alinyanyua dele, akalitikisa, na ndani hapakuwa na kitu, akalirudisha jikoni hivyohivyo tupu. Mathayo aliwapa muda. Aliwapa muda mrefu kuliko aliopewa yeye Bomani. Mmoja tu angesema ni wangu, peleka, basi angelia kwa shukrani. Hata angesema ni wangu, usipeleke, bado angekuwa amesema. Tena kila mmoja wao alikuwa na ulimi wa kumtosha mfalme na gavana na stesheni masta, wamekaa pale alasiri nzima wakipasua anga kwa dhuluma ya Mzungu! Sasa mwanamke mmoja ameuliza kwa Kiswahili chepesi, na ndimi zote zimekwenda wapi?

— Swali zito hilo, alisema Bonaventura mwishowe. Linataka kutazamwa kwa pande zote.

— Mwanangu, alisema mzee Yeremia, mambo ya ng'ombe ni ya siri.

Mathayo alimwaga kahawa yake chini. Hakuwahi kufanya hivyo mbele ya watu wazima.

— Hawana mwenyewe, alimwambia mkewe. Bwana Shauri aliniambia mapema, mimi nikabisha kwa ujinga wangu. Twende nyumbani.

— Na kesho nifunge wepi nje?

— Wawili watakaokuwa wamelala karibu na mlango. Usiwashe taa kuwatazama rangi.

Akawaaga kwa heshima ileile, mzee kwanza, akashika njia ya ziwani na mkewe nyuma yake. Walikuwa wamefika kwenye mteremko waliposikia vishindo na sauti ya Laurenti ikiwafuata, nyembamba, haina tena stesheni wala Manyoni ndani yake.

— Mathayo! Ndugu yangu Mathayo! Hebu ngoja! Yule mwekundu huwa analala upande gani?

Mathayo hakugeuka.

— Anataka nini yule? Martina aliuliza.

— Anajibu swali lako.